Maumivu ya nyayo: Kiini chake na jinsi ya kuyatuliza

NI watu wachache wanaoikumbuka miguu yao kabla haijaanza kuwauma. Walimu, wauguzi, mabawabu, wapishi na wachuuzi huathirika zaidi, kwa kuwa kazi zao huwalazimu kusimama kutwa nzima. Hata hivyo, maumivu yanayozuka mara moja moja aghalabu hutulizwa nyumbani bila gharama kubwa, mradi kiini chake kijulikane.

Kila mguu, kuanzia kifundo hadi vidoleni, una mifupa 26 na viungo 33, vyote vikishikiliwa na misuli na kano zaidi ya 100. Sehemu yoyote kati ya hizo ikilemewa, mwenyewe hulihisi hilo katika kila hatua.

Viatu

Kiatu kinachobana mbele hukandamiza vidole na kusababisha malengelenge na sugu. Viatu vyenye visigino virefu husukuma uzito wa mwili mbele, karibu na vidole, mahali ambapo hapakuumbwa kuubeba peke yake. Sapatu nyembamba nazo haziukingi wayo dhidi ya sakafu ngumu. Anayenunua viatu vya mitumba yafaa atazame soli kwanza: ikiwa imelika upande mmoja, itampotosha mwendo.

Maumivu ya kisigino

Chini ya wayo mna utando mgumu unaotoka kisiginoni hadi karibu na vidole. Ukivutwa kupita kiasi, huumia. Dalili yake ni kisigino kuchoma mtu anapokanyaga chini asubuhi, kisha maumivu kupungua akitembea kidogo. Wanaokabiliwa nayo zaidi ni watu wanene, wanaosimama kwa muda mrefu, na wanariadha walioongeza mazoezi ghafla. Wengi hupona, ingawa huenda ikachukua miezi kadhaa.

Wajawazito pia huumwa, kwani uzito huongezeka, kano hulegea na miguu hufura.

Kujituliza nyumbani

Jambo la kwanza ni kupumzika na kuinua miguu juu ya mto. Barafu iliyofungwa kwa kitambaa ikandamizwe mahali panapouma kwa dakika 15 hivi. Asiyekuwa na barafu atumie kitambaa kilichochovywa katika maji baridi. Kuviringisha chupa chini ya wayo hulegeza utando uliokazana.

Zoezi jingine ni kusimama ukiegemea ukuta kwa mikono, mguu mmoja nyuma na kisigino chake kikigusa sakafu, kwa sekunde 30, kisha kubadilisha mguu. Shavu la mguu likinyooka, kisigino hupata nafuu. Paracetamol yaweza kutumiwa kwa muda mfupi, kwa kufuata maagizo ya pakiti.

Viatu vinunuliwe jioni, wakati miguu imetanuka kiasi, na vijaribiwe vyote viwili ukiwa umesimama.

Wakati wa kumwona daktari

Anayeugua kisukari asiyachukulie maumivu haya kimzaha. Ugonjwa huo huua hisia za miguu, hivi kwamba mtu hukanyaga msumari au kuungua kwa maji moto asitambue. Kidonda kidogo huoza, na wapo waliokatwa miguu kwa sababu hiyo. Mgonjwa kama huyo asiloweke miguu katika maji moto wala kutembea pekupeku. Na aikague miguu yake kila siku.

Wengine wanaopaswa kwenda hospitalini ni wanaohisi ganzi, walioshindwa kukanyaga baada ya kuanguka, na wale ambao kidole gumba kimefura ghafla kikawa chekundu, kwani huenda ni jongo. Mguu mmoja ukifura na shavu lake kuuma, yawezekana damu imeganda ndani ya mshipa. Hilo si la kungojea kesho.

Maumivu yasiyotulia baada ya majuma mawili ya kujitunza yapelekwe kwa daktari. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.