Mawe Chini ya Ukuta: Ujenzi wa Kale Upande wa Konde

Ukitoka Konde, kisiwani Pemba, kwenda pwani ya mashariki, ardhi hubadilika kwa mwendo mfupi. Upande wa msitu wa Ngezi udongo ni mwingi. Mabondeni hulimwa mpunga, na masika yakishika, maji hutuama. Upande wa Micheweni ni maweni: jembe likishuka kidogo tu hugonga jiwe la matumbawe.

Karibu na kijiji cha Tumbe, si mbali na Konde, yapo magofu ya Chwaka, mji uliokaliwa kuanzia karne ya 11 hadi ya 16. Wanaakiolojia Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walichimba hapo miaka ya 2000, wakakuta kwamba wakazi wengi walikaa katika nyumba za miti na udongo. Mawe na chokaa vilitengewa misikiti na makaburi.

Wapo wanaouona ujenzi huo wa miti na udongo kuwa unyonge. Lakini nyumba ya fito ni nyepesi, na ardhi ikititia chini ya nguzo moja, nguzo hung'olewa, shimo hujazwa mawe na kushindiliwa, ukuta ukakandikwa upya. Ukuta wa mawe hausamehe hivyo. Ukizama upande mmoja hupasuka, na chokaa yake ni ya jasho: magogo hupangwa duara, matumbawe huwekwa juu, moto huwashwa, kisha mawe yaliyoiva huachwa yanywe maji hadi yawe unga. Kazi kama hiyo haiwekwi juu ya tope.

Kwingineko duniani, jengo zito lilipolazimika kukaa penye udongo laini, mafundi walitafuta njia ya kuupa udongo wenyewe nguvu. Wahandisi wa jeshi la Ufaransa walijaribu nguzo za mawe huko Bayonne miaka ya 1830. Shimo huchimbwa, kokoto humiminwa tabaka kwa tabaka na kushindiliwa. Nguzo hutanuka pembeni mpaka udongo unaoizunguka uibane. Maji yaliyonaswa ardhini nayo hupenya kwenye kokoto yakatoka, na udongo ukakaza.

Leo nyumba za matofali ya saruji zimeenea Pemba, na uzito uliokuwa wa msikiti sasa ni wa kila nyumba. Wewe unayejenga Konde, chimba shimo la kupimia wakati wa masika, maji yakiwa juu, uone udongo wako kabla hujanunua tofali la kwanza.