Safu ya Lugha: Usanisinuru

Kijana wa kidato cha kwanza hapa Kasoli ameniambia kwamba usanisinuru ni "mmea kutengeneza nuru". Hapana, mwanangu. Jani la pamba halitengenezi nuru. Linaitumia nuru ya jua kuunganisha maji na hewaukaa, likapata chakula chake. Usanisi ni kuunganisha vitu mpaka kitokee kipya, si utengenezaji wowote tu. Fundi anayeranda ubao hasanisi kitu.

Neno hili limefuata mizizi ya Kigiriki iliyomo katika "photosynthesis" anayokutana nayo kijana huyo sekondari: "photo" ni nuru, "synthesis" ni kuweka pamoja. Akishaishika "photo", basi "photograph" nayo inafunguka, maana "graph" ni kuandika: picha iliyoandikwa kwa nuru. Na "graph" hiyohiyo ndiyo iliyomo ndani ya jiografia, maandishi juu ya dunia. Naumia nikiwaona watoto waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili wakikariri maneno haya ya Kiingereza herufi kwa herufi, ilhali kipimajoto wanachokijua tangu zamani ndicho "thermometer": "thermo" joto, "meter" kipimo.