Gari la kwanza la kijana: Mambo ya kuchunguza kabla ya kutoa pesa

KIJANA anayenunua gari lake la kwanza aghalabu huenda sokoni akiwa na leseni mpya na pesa zilizokusanywa kwa taabu. Huenda ni akiba ya miaka mitatu ya mshahara, mkopo wa Sacco uliodhaminiwa na wenzake kazini, au fedha za mzazi aliyejinyima mengi. Kosa la siku moja yadini laweza kumwacha akikatwa mkopo kila mwisho wa mwezi huku gari lenyewe limeegeshwa kwa fundi likisubiri giaboksi.

Wanunuzi wengi wa umri huo huanza kwa kuuliza aina ya gari: je, ni Vitz, Demio au Subaru? Swali hilo lina mahali pake, lakini halistahili kutangulia. Magari mawili ya aina moja, yaliyotoka kiwandani mwaka mmoja, huweza kutofautiana kama mbingu na ardhi. Moja lilikuwa na mwenyewe aliyebadilisha oili kwa wakati. La pili limepita mikononi mwa watu watano, likagongwa na kupakwa rangi upya. Kwa hivyo anayetaka gari la kutegemewa hana budi kuchunguza kwanza maisha ya gari analoonyeshwa, kisha karatasi zake.

Kabla ya hayo kuna suala la bajeti. Mwenye Sh600,000 hafai kutafuta gari la Sh600,000. Litakapofika nyumbani litadai bima, ada ya kuhamisha umiliki, oili mpya, pengine magurudumu na betri. Ni heri atafute la Sh500,000 na kuiacha hiyo laki moja benki. Wanaopuuza hesabu hii ndio huonekana wakiendesha kwa magurudumu yaliyoisha meno miezi miwili baada ya kununua.

Kuhusu aina, gari dogo la kawaida lenye injini isiyozidi sisi 1,500 humfaa kijana kuliko kubwa lenye kishindo. Toyota Vitz, Mazda Demio, Honda Fit, Suzuki Swift na Nissan Note ni mengi nchini, na vipuri vyake hupatikana kwa urahisi katika maduka ya barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi na pia katika miji midogo. Corolla kuukuu nayo hutengenezwa na fundi yeyote wa jua kali. Toyota Probox hudharauliwa na vijana kwa kuhusishwa na usafirishaji wa miraa, ilhali ni gari gumu sana. Tatizo ni kwamba nyingi zinazouzwa zimekwisha kubebeshwa mizigo kupita kiasi, hivyo ni sharti sehemu za chini zikaguliwe kwa makini.

Baadhi ya magari haya madogo, hasa Honda Fit na Nissan Note, hutumia giaboksi ya otomatiki ya aina ya CVT, ambayo huhitaji mafuta yake maalumu. Likitiwa mafuta yoyote tu, giaboksi huharibika, na kuibadilisha ni gharama kubwa. Muuzaji aulizwe mafuta hayo yalibadilishwa lini na ya aina gani. Asiyejua jibu hajasema uongo, lakini ametoa habari.

Umri wa gari ni jambo linalowachanganya wengi. Kwa mujibu wa kanuni za Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, gari kuukuu haliruhusiwi kuingizwa nchini iwapo limepita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza kule lilikotoka. Maana yake ni kwamba magari ya bei ya chini kabisa, yaliyoundwa zamani, yote yamo humu nchini tayari na yamekwisha kutumika katika barabara zetu. Kijana mwenye pesa chache atanunua kutoka kwa Mkenya mwenzake wala si moja kwa moja kutoka Japani.

Herufi za nambari ya usajili nazo husema gari lilisajiliwa lini Kenya tu. Herufi za KCA zilianza kutolewa mwaka wa 2014, na gari lenye herufi hizo linaweza kuwa la mwaka wa 2007. Zile za KDA zilianza 2020. Mwaka wa kuundwa huandikwa kwenye kitabu cha umiliki, yaani logibuku, na waweza kulinganishwa na kibandiko kidogo kilichoshonwa chini ya mkanda wa kiti, ambacho mara nyingi huonyesha tarehe ya kutengenezwa kwa mkanda huo. Magurudumu pia yana tarehe yake: tarakimu nne za mwisho zilizopigwa ubavuni, mathalani 2319, humaanisha juma la 23 la mwaka wa 2019.

Kilomita zinazosomwa kwenye dashibodi zisiaminiwe peke yake, maadamu odomita hurudishwa nyuma kwa urahisi. Iwapo gari lingali na cheti lilichopewa lilipotoka Japani, kilomita za ukaguzi wa huko huwa zimeandikwa humo. Cheti kikikosekana, yatazamwe mambo yasiyodanganywa kwa kompyuta: usukani uliolainika kwa kushikwa, pedali ya breki iliyolika, kiti cha dereva kilichobonyea. Gari linalodaiwa kwenda kilomita 60,000 haliwezi kuwa na pedali iliyolika hadi chuma.

Ukaguzi wenyewe ufanywe asubuhi, injini ikiwa baridi. Mnunuzi agusishe mkono kwenye boneti kabla ya kitu kingine chochote. Likiwa na joto, basi muuzaji amelitia moto mapema, na huenda anaficha ugumu wa kuwaka. Arudi siku nyingine.

Ufunguo unapozungushwa kabla ya injini kuwaka, taa zote za onyo kwenye dashibodi hutakiwa kuonekana, kisha kuzimika baada ya injini kunguruma. Wengi huangalia kama kuna taa iliyobaki ikiwaka. Wachache hukumbuka kuangalia kama kuna ambayo haikuwaka kabisa. Taa ya injini au ya mifuko ya hewa isiyoonekana hata kidogo huenda imekatwa waya makusudi ili kuficha hitilafu. Hili ni zito mno kwa dereva asiye na uzoefu, kwani gari lililowahi kugongwa huenda mifuko yake ya hewa ilifyatuka na haikurudishwa. Breki za ABS pia zina taa yake. Ukosefu wa vifaa hivi viwili ungetosha kuliacha gari, hata kama redio yake inatikisa madirisha.

Moshi wa rangi ya buluu huonyesha injini inakula oili. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata joto huashiria maji yanapenya mahali yasipofaa. Kifuniko cha oili kikifunguliwa na kukutwa na utando wa rangi ya chai ya maziwa, maji na oili huenda vimechanganyika. Rejeta ifunguliwe ikiwa baridi tu. Ikiwa na moto huunguza uso.

Kisha gari liendeshwe, si kuzungushwa yadini tu. Lipitishwe kwenye matuta, kwenye mlima na katika msongamano, kwa kuwa injini nyingi huchemka zinaposimama foleni. Giaboksi ya otomatiki isishtuke inapoingizwa gia ya mbele au ya nyuma. Gari lisivutwe upande mmoja breki inapokanyagwa.

Dalili za ajali hutafutwa mwilini mwa gari. Nafasi kati ya milango na mwili ziwe sawa pande zote. Bolti zinazoshikilia boneti na mabawa zikiwa zimekwaruzwa rangi, sehemu hizo ziliwahi kufunguliwa. Sumaku ndogo isiposhika mahali penye bati, chini ya rangi pamejazwa dongo. Zulia la buti liinuliwe pale panapokaa gurudumu la akiba, maana mafundi wengi husahau kusafisha alama za kuchomelea za hapo.

Kuna desturi ya Nairobi inayoweza kumsaidia mnunuzi. Kwa sababu ya wizi wa vipuri, wamiliki wengi huchora nambari ya gari kwenye vioo vya pembeni na taa. Kioo chenye nambari ya gari jingine kinahitaji maelezo.

Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, ambapo magari kadhaa yalizama jijini, mkanda wa kiti uvutwe hadi mwisho wake. Matope yaliyokauka ndani, kutu kwenye reli za viti na harufu ya uvundo ni ushahidi wa maji, na umeme wa gari kama hilo hausumbui siku moja tu. Kwa magari yaliyoishi pwani, kutu ya chumvi chini ya gari ndiyo ya kuchunguzwa.

Mnunuzi asiyejua haya aende na fundi wake mwenyewe na amlipe hata asiponunua. Fundi anayeletwa na dalali hutarajia chake gari likiuzwa. Chama cha Magari cha AA Kenya pia hukagua magari kwa ada.

Gari likipita mtihani huo, karatasi ndizo hufuata, na hapa ndipo hasara kubwa zaidi hutokea. Rekodi za gari hutafutwa kwa ada ndogo katika mtandao wa serikali wa eCitizen, kwenye huduma za NTSA. Jina la mmiliki kwenye rekodi lilinganishwe na kitambulisho cha anayeuza. Nambari ya chasisi na ya injini zisomwe kwenye gari lenyewe, wala si kwenye picha iliyotumwa kwa simu. Chuma kilichosagwa au tarakimu zisizolingana ni sababu ya kuondoka.

Jina la benki au Sacco likionekana pamoja na la mwenye gari, basi kuna mkopo. Aidha, tangu sheria ya mwaka wa 2017 kuhusu mali inayohamishika kuwekwa dhamana, kuna sajili ambamo mikopo ya aina hii huandikwa. Kuipekua kabla ya kulipa humwepusha mnunuzi na mtu anayeuza gari ambalo mkopeshaji anaweza kulichukua kesho.

Wapo wanaouza gari ambalo bado limo kwa jina la mtu wa tatu aliyeliuza zamani. Hoja yao huwa kwamba fomu ilitiwa sahihi. Sheria ya Trafiki humchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mmiliki hadi ithibitishwe vinginevyo, na gari lililouzwa halipaswi kutumiwa barabarani zaidi ya siku 14 kabla ya mmiliki mpya kusajiliwa. Siku hizi muuzaji huanzisha uhamisho katika akaunti yake ya eCitizen naye mnunuzi huukubali katika yake. Muuzaji asiyeweza kufanya hivyo mbele ya mnunuzi hana gari la kuuza.

Malipo yafanywe kwa njia yenye rekodi, mkataba ukiwa umeandikwa na kutiwa sahihi mbele ya shahidi, ikiwezekana wakili. Arubuni isitolewe kwa gari ambalo halijaonwa kwa macho.

Bima ya kufidia watu wengine ni lazima kisheria. Iliyo kamili hugharimu zaidi, na baadhi ya kampuni huikataa kwa magari yaliyozeeka sana. Mikataba mingi humtoza dereva kijana au mwenye leseni ya karibuni sehemu kubwa zaidi ya hasara anapodai fidia. Masharti hayo yasomwe kabla ya kulipa. Wazazi wanaosajili gari kwa majina yao na kumkabidhi mtoto wamweleze wakala wa bima ukweli huo. Mzazi huyo ndiye jina lake litakaloitwa kwanza ajali ikitokea.

Katika juma la kwanza, oili na chujio zibadilishwe bila kujali muuzaji alisema nini, mafuta ya breki yakaguliwe, na tarehe pamoja na kilomita ziandikwe kwenye daftari linalokaa garini. Atakayelinunua gari hilo baadaye ataanza kwa kuliuliza daftari hilo.