Duma walinipoteza, wakanirudisha
Wasee, niseme ukweli. 2020 Duma walipotoa albamu yao ya kwanza, niliizima kabla wimbo wa pili kuisha. Huku Chepseon nilipenda metali ya magitaa, ile ya Lust of a Dying Breed. Sasa Martin Khanja na Sam Karugu wametoka Nairobi, wakarekodi Kampala na Nyege Nyege Tapes, na gitaa limezikwa chini ya kelele za mashine. Nikasema hawa wametuuza.

(Na si duma yule wa mbio. Ni giza, kwa Kikuyu.)

Miezi baadaye, ukungu umefunika majani chai, nikairudia kwa sauti ya juu. Zile ngoma zinakimbia kuliko mkono wa mtu, na Khanja bado anakwaruza koo vilevile. 2024 alipotoa The Adept peke yake, sikuizima. Lakini gitaa bado nalitafuta.