Asili, Nakala na Msimulizi katika Habari za Pate

Mwanafunzi aandikaye historia ya Pate aghalabu hutaja maandiko mawili: kitabu cha C. H. Stigand cha mwaka 1913, na habari alizozitoa Alice Werner mwaka 1914–1915, Kiswahili pamoja na tafsiri yake. Akiona katika yote mawili kuwa Wanabahani walifika Pate mwanzo wa karne ya 13, huandika kwamba mashahidi wawili wameafikiana.

Hapo ndipo pa kupambanua asili, nakala na msimulizi. Asili yasemekana iliteketea Witu, Waingereza walipoushambulia mji huo mwaka 1890. Zilizosalia ni nakala, nazo zarudi kwa msimulizi mmoja, Muhammad bin Fumo Umar Nabahani, maarufu kwa jina la Bwana Kitini. Tena yeye ni wa ukoo uo huo wa wafalme wasifiwao. Basi marejeo ni mawili, shahidi mmoja.

Wanazuoni wa hadithi za Mtume walilijua jambo hili tangu kale. Njia zote zikikutana kwa mpokezi mmoja, hadithi huitwa gharibu, hata wakiipokea wengi baada yake. Mapokezi yenyewe waliyaita riwaya, neno ambalo Waswahili wa leo wamelipa kazi ya kutaja hadithi ndefu ya kubuni!

Mwaka 1969 Neville Chittick alizilinganisha habari hizo na magofu ya Pate na maandishi mengine yasiyotoka kwa Bwana Kitini, akaikataa tarehe hiyo ya Wanabahani.