Mwovu Mwenye Nasaba na Mwovu Asiye na Nasaba: Filamu ya "Dark of the Sun" na Waasi wa Fizi na Baraka

Katika ngano za Waswahili, zimwi halielezwi lilizaliwa wapi wala kwa nini njaa yake haishi. Hutokea, hutisha, huuawa, na hadithi ikaishia hapo. Riwaya na filamu za zama hizi zimeuacha mtindo huo kwa kiasi kikubwa: mhusika mwovu hupewa chimbuko na sababu za matendo yake. Ndiyo maana filamu inapobadilisha chimbuko la mwovu aliyekwisha julikana kitabuni, wasomaji na watazamaji hubishana. Makala haya yanakusudia kuuliza swali linalotangulia ubishi huo: ni nani anayepewa nasaba, na ni nani anayenyimwa?

Mfano unaofaa ni "Dark of the Sun", riwaya ya Wilbur Smith iliyotolewa mwaka 1965 na kufanywa filamu na Jack Cardiff mwaka 1968. Katika riwaya, inayosimulia safari ya mamluki kwa garimoshi huko Katanga, adui wa ndani wa Bruce Curry ni mwenzake, Wally Hendry, mtu wa chuki na tamaa ya almasi. Katika filamu Hendry hayupo. Mahali pake ameshika Henlein, Mjerumani aliyekuwa askari wa Hitler, anayevaa alama ya Kinazi kifuani. Anawaua watoto wawili wa Kikongo kwa kisingizio kuwa ni wapelelezi, na baadaye anamuua Ruffo, rafiki Mwafrika wa Curry, kwa ajili ya almasi.

Badiliko hili halikutoka hewani. Wachambuzi wengi wamemhusisha Henlein na Siegfried Müller, Mjerumani aliyepigana katika Kikosi cha Tano cha mamluki chini ya Mike Hoare mwaka 1964, huku akivaa nishani ya Msalaba wa Chuma aliyoipata katika Vita vya Pili vya Dunia. Mahojiano yake yalikuwa msingi wa filamu ya Ujerumani ya Mashariki, "Der lachende Mann", ya Walter Heynowski na Gerhard Scheumann, mwaka 1966.

Wanaolitetea badiliko hilo wana hoja nzito. Tamaa ya Hendry ni ya mtu mmoja, lakini ukatili wa Henlein una historia. Mtazamaji anaambiwa kwamba aliyofanya mamluki Kongo yalianza Ulaya kabla yake. Wanaolipinga nao wana hoja: uovu wote wa mamluki ukibebeshwa Mnazi mmoja, wenzake hubaki safi. Curry, ambaye naye amekodiwa kwa fedha, anakuwa shujaa kwa sababu tu amesimama karibu na mtu mbaya kuliko yeye.

Hata hivyo pande zote mbili zinabishana juu ya Mzungu. Waasi wanaoitwa Simba katika filamu hiyo, iliyopigwa Jamaika, ni umati unaovamia, unaolewa na kuua. Hawana jana. Kwa msemaji wa Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa "Simba" ni neno la lugha yake, na ni jina walilojipa wapiganaji wenyewe, wakiamini kwamba dawa zao hugeuza risasi kuwa maji. Filamu imelichukua jina na kuiacha maana.

Historia ya Fizi na Baraka, katika Kivu ya Kusini, inaonyesha kilichoachwa. Uhuru wa mwaka 1960 haukuleta yaliyoahidiwa. Patrice Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961. Mwaka 1963 wafuasi wake waliunda Baraza la Taifa la Ukombozi huko Brazzaville, na mapema mwaka 1964 mjumbe wao, Gaston Soumialot, alikuwa Bujumbura akiandaa uasi wa mashariki. Uvira ilitekwa mwezi Mei mwaka huo, na Wabembe wengi wa Fizi wakajiunga na vita. Mwezi Aprili 1965 Ernesto Guevara na Wakuba wenzake walivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma. Yeye na wasaidizi wake wawili wakachukua hesabu za Kiswahili kuwa majina yao: Moja, Mbili, Tatu. Guevara ndiye aliyekuwa Tatu. Mwishoni mwa Septemba 1965 mamluki wa Hoare walishuka Baraka kwa mashua na kukuta upinzani mkali. Milima ya Fizi haikutulia: mwaka 1967 Laurent-Désiré Kabila aliunda huko Chama cha Mapinduzi ya Watu, ambacho kilishikilia sehemu ya eneo hilo hadi miaka ya 1980.

Hizo ndizo sababu. Lakini sababu si msamaha, na hapa mtetezi wa waasi hana budi kusimama. Tarehe 28 Novemba 1964, siku nne baada ya askari wa miavuli wa Ubelgiji kushuka Stanleyville, waasi waliwaua wamisionari Waksaveri Vittorio Faccin na Luigi Carrara huko Baraka, kisha Giovanni Didonè pamoja na padri Albert Joubert huko Fizi. Hawakuwa mamluki wala hawakushika silaha. Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Kanisa Katoliki liliwatangaza wenye heri.

Mwanahistoria wa Fizi, kwa hiyo, ana mzigo ambao mtunzi wa filamu aliukwepa. Akisimulia mauaji bila madai ya mwaka 1960, amewarudisha waasi katika ngano, wawe mazimwi. Akisimulia madai bila makaburi manne, ametunga shujaa wa uongo. Henlein ana historia, na hakuna mtazamaji anayefikiri kwamba historia hiyo inamwondolea hatia. Inamfanya awe mtu anayeweza kuhukumiwa. Zimwi halihukumiwi, linauawa tu. Wapiganaji wa Fizi na Baraka wanastahili kutendewa kama Henlein alivyotendewa: waelezwe walikotoka, ndipo waulizwe walichofanya.

Methali husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Katika Fizi, wengi wa walioshika silaha walikuwa wana wa vijiji vile vile, wenye wazazi na majina. Filamu haikuwajua. Wasomi wa lugha waliyoitumia kujiita Simba hawana udhuru huo.