Watazamaji wa Ndege katika Nchi ya Dhahabu

Historia ya usafiri wa anga katika Afrika Mashariki aghalabu huandikwa kwa kuwataja wenye makampuni, marubani na abiria. Liko kundi la nne ambalo halikununua tikiti wala kushika usukani, nalo lilikuwa kubwa kupita hayo yote: watazamaji. Wazee kwa watoto walikwenda kiwanjani kutazama tu, wakarudi makwao bila ya kupanda. Leo watu wazima wengi huukumbuka wakati huo kwa huzuni, na sababu wanayoitoa ni moja: watekaji nyara waliharibu mambo. Sababu hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi. Katika nchi iliyoanzia Shinyanga hadi Geita, mpaka vijiji vya wachimbaji kama Rwamgasa, ua ulikuwa umekwisha simama kabla ya mtekaji nyara wa kwanza kusikika.

Kanda hii haikuwa nyuma katika mambo ya ndege. Tarehe 28 Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianza safari za kila wiki kutoka London, na mwisho wa njia hiyo mpya haukuwa Nairobi wala Dar es Salaam, bali Mwanza, kando ya Ziwa Viktoria. Fahari hiyo haikudumu. Mwaka 1932 njia iliporefushwa mpaka Cape Town, ndege zilipita Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya, na Mwanza ikaachwa kando. Lakini mwenye kuona amekwisha kuona. Watu wa ziwani walikuwa wamejua kwamba barua yaweza kushuka kutoka mawinguni.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1946, ilianza kazi East African Airways, iliyokuwa mali ya nchi zote za Afrika Mashariki. Ndege zake za kwanza zilikuwa ndogo, zenye mabawa mawili-mawili juu na chini. Zikafuata Dakota, na baadaye Fokker Friendship. Viwanja vya miji ya bara vilikuwa vya udongo au majani, na adui mkubwa wa rubani hapo alikuwa ng'ombe aliyepotea njia. Nani angezuiwa kutazama? Mtu alisimama ukingoni, akahesabu abiria waliposhuka ngazi, akajua nani amerudi na nani ameondoka. Huko Nairobi mambo yalipangwa zaidi: kiwanja cha Embakasi, kilichofunguliwa mwaka 1958, kilikuwa na roshani maalumu ya kupungia mikono, na siku za Jumapili jamaa nzima zilikwenda huko kama waendavyo watu bustanini. Msafiri alikuwa mmoja, nao waliomsindikiza walikuwa kumi.

Hata hivyo yafaa kutazama upande wa pili. Mwaka 1940 John Williamson aligundua almasi Mwadui, karibu na Shinyanga. Mgodi ukakua ukawa mji, wenye nyumba, hospitali na kiwanja chake cha ndege. Na mji huo ukazungushiwa ua na kulindwa na askari. Sababu yake haikufichwa. Jiwe la almasi laweza kufichwa katika kiganja cha mkono, na thamani yake ikapita ya kundi zima la ng'ombe. Basi mkulima wa Kisukuma aliyeishi nje ya ua aliiona ndege ikipaa na kutua, lakini kiwanja hakikuwa mahali pa kwenda kutembea Jumapili. Huko Geita nako mgodi wa dhahabu ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966, na mpango wa maisha ulikuwa huo huo: pana waliomo, na pana waliopo nje.

Ndipo zilipokuja habari za utekaji nyara. Kati ya mwaka 1968 na 1972 ndege nyingi zilitekwa duniani, na kuanzia Januari 1973 Marekani ikaamuru kila abiria akaguliwe. Mwaka 1974 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga likatoa kanuni za ulinzi kwa mataifa yote. Afrika Mashariki haikukaa mbali na msiba huo. Mwezi wa Juni 1976 ndege ya Air France ilitekwa na kupelekwa Entebbe, na usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai askari wa Israeli wakaja kuwakomboa mateka. Watu wakafa, na jengo la abiria likawa uwanja wa vita. Kisha ikafika zamu ya ziwa upande wa Tanzania. Tarehe 26 Februari 1982 vijana wenye silaha waliiteka ndege ya Air Tanzania iliyotoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, wakamtaka Rais Nyerere ajiuzulu. Ndege ikapita Nairobi, Jeddah na Athens, mpaka Stansted katika Uingereza, ambako walijisalimisha tarehe 28. Tangu hapo hakuna mtu mwenye akili aliyeweza kudai kwamba Mwanza ni mahali padogo mno pa kukaguliwa.

Kwa hiyo pana nyua mbili, na historia yataka zipambanuliwe. Ua wa kwanza, ule wa mgodi, ulilinda mali. Ua wa pili, ule wa mwaka 1982, ulilinda roho za watu. Wa pili una hoja isiyoshindika. Lakini kwa mtoto anayetazama kwa nje, nyua zote mbili ni seng'enge moja. Mgodi mkubwa wa Geita ulipofunguliwa upya mwaka 2000, ulikuwa na kiwanja chake cha ndege. Rwamgasa, yenye wachimbaji wadogo wanaoponda mawe na kukamata dhahabu kwa zebaki, haina kiwanja. Mtoto wa huko huijua ndege kwa mlio wake na kwa tumbo lake, kwani huiona kutoka chini tu. Babu yake hakufukuzwa na mtekaji nyara, hakuwahi kukaribishwa. Huyo hana roshani ya Embakasi ya kuitamani, na anayeandika juu ya uzuri wa siku zilizopita hana budi kumkumbuka.

Je, kutazama kuna faida gani, hata kukosekana kwake kuwe ni hasara? Jibu lilitolewa ziwani. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air yenye watu 43 ilianguka majini ilipokuwa ikikaribia kutua Bukoba. Watu 19 walikufa, 24 wakaokoka. Waliotangulia kufika hawakuwa askari wala wazimamoto, bali wavuvi, waliopiga makasia kuielekea ndege kwa mitumbwi yao. Waliiona kwa sababu walikuwapo, na kwa sababu hapakuwa na ukuta kati ya macho yao na ndege. Mlinzi aliyeajiriwa hutazama mlango. Mwenyeji hutazama mbingu yote.

Wahenga walisema, macho hayana pazia. Ukaguzi wa abiria hauwezi kuondolewa, wala hapana mwenye busara atakayeomba uondolewe. Lakini kumkagua anayepanda ni jambo moja, na kumfukuza anayetazama ni jingine. Wakuu wa viwanja, wa serikali na wa migodi, wangeweza kuwatengea watu mahali pa kusimama nje ya seng'enge, penye kivuli na benchi, kwa gharama ndogo kabisa. Hapo mtoto wa Geita na wa Shinyanga angejifunza jina la kila ndege, huenda akatamani kuwa rubani au fundi wake. Naye wa Rwamgasa angeona kwa mara ya kwanza upande wa juu wa bawa.